Rosina Habebwi

Mkokoteni ulipinduka msimu wa mavuno, Rosina akiwa darasa la sita. Walikuwa wakirudisha mahindi kutoka shambani, yeye amekaa juu kabisa ya magunia, anaimba. Kwenye mteremko wa mwisho kabla ya kijiji ng'ombe waligutuka, gurudumu likapanda kisiki, mkokoteni ukalala ubavu na magunia yakamfuata chini. Hakuzimia. Alisikia kila kitu: vumbi puani, ng'ombe wakikoroma, yowe la mama yake aliyekuwa akija nyuma na jembe begani. Kitu kimoja tu hakukisikia, nacho ni miguu yake.

Kijiji chao kiko ndani kidogo ya barabara ya Namanyere, mahali ambapo gari hupita siku likijisikia. Baba yake, Felisian, alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo kazi yote ya kumhangaikia ilimwangukia mama, Tereza. Na Tereza hakuwa mwanamke wa kukaa akalia. Daktari alipomweleza kwamba uti wa mgongo umeumia na mtoto hatatembea tena, alishukuru, akafunga vitenge viwili, akambeba binti yake mgongoni, akarudi naye nyumbani. Kuanzia hapo ikawa hivyo. Shuleni, mgongoni. Kanisani, mgongoni. Kliniki, mgongoni mpaka barabarani, halafu wanasubiri gari. Rosina alizidi kukua. Miguu yake ikawa inaburuzika, vidole vikichora mistari miwili kwenye vumbi nyuma ya mama, na watu waliokutana nao njiani walitikisa vichwa wakasema, "Pole, Mama Rosina. Mungu anakuona."

Rosina aliyasikia hayo yote akiwa huko juu. Lakini alichokisikia zaidi ni pumzi ya mama yake.

Asubuhi moja ya mvua, mlangoni, Tereza aliinama ampandishe kama siku zote. Kitu kikalia mgongoni mwake, mlio mdogo, kama kijiti kikavu kinapovunjwa. Akaenda chini kifudifudi na Rosina juu yake. Wakabaki pale kwenye tope, mama hawezi kuinuka, binti hawezi kushuka, mpaka jirani alipopita akawaokota. Tangu siku hiyo Tereza hutembea amepinda, mkono mmoja kiunoni, na usiku wa baridi husikika akigumia kwa maumivu kwenye kitanda chake.

Hakuna aliyemlaumu Rosina. Labda ndiyo sababu alijilaumu mwenyewe kwa niaba ya wote. Alijiapia kimya kimya kwamba hakuna binadamu atakayembeba tena, awe ndugu, awe padri, awe nani. Akaomba vipande vya tairi kwa fundi viatu, akavifunga viganjani kwa kamba, akaanza kwenda kwa mikono. Mara ya kwanza mama yake alipomkuta uani akijivuta, alilia.

"Wewe si mnyama, Rosina."

"Nimekwenda chooni mwenyewe, mama," Rosina akajibu, uso umejaa vumbi. "Leo ndiyo nimekuwa mtu."

Miaka ikapita. Masista wa parokia wakampatia baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuzungusha pedeli kwa mikono, naye hakungoja. Akahamia Sumbawanga mjini, akapanga chumba mtaa wa Chanji, akaanza kusambaza unga wa ulezi. Aliuchukua mashineni, akapakia mifuko nyuma ya kiti, akazungusha kupandisha vilima vya mji hadi kwa wauza uji na mama lishe. Wateja walimjua kwa mabega kabla hawajamjua kwa jina. Kila Kwaresima wanajumuiya wa parokia walimjia na sabuni na sukari za wagonjwa na wasiojiweza. Kila Kwaresima aliwakaribisha vizuri, akawapa uji, kisha akawarudishia sabuni yao ikiwa juu ya mfuko wa unga.

"Wapelekeeni hao wasiojiweza," alisema. "Na huu unga ni mchango wangu."

Wengine walicheka. Wengine waliondoka wakinong'ona kwamba yule binti ana kiburi cha ajabu.

Siku iliyombadilishia maisha ilianza kwa mnyororo wa baiskeli kukatika. Ulikatikia mbele ya gereji ya Yonas, mtu wa makamo aliyezaliwa kwenye familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia Rukwa na ng'ombe wao kutoka kaskazini magharibi. Yonas hakuupenda ufugaji. Alikuwa amefanya kazi ya kupakia mizigo bandarini Kasanga, akajifunza kunyanyua vyuma kutoka kwa mabaharia waliokuwa wakisubiri meli, na aliporudi mjini akafungua gereji ya pikipiki mbele na jimu nyuma. Ilikuwa jimu ya kujitengenezea: mtaimbo wake ulikuwa ekseli ya gari, na uzito wake ulikuwa makopo ya rangi yaliyomiminwa zege.

"Dada, ingia ndani upate kivuli," Yonas alimwambia. "Mnyororo huu utanichukua muda."

Rosina akashuka, akajivuta kwa mikono hadi uani. Vijana watano sita walikuwa wakifanya mazoezi vifua wazi. Benchi lilikuwa tupu, chuma kimelazwa juu ya vishikio vyake. Akapanda, akalala chali.

"Dada, hapo si pa kupumzikia," mmoja alisema. Aliitwa Fabiani, mwenye kifua kipana kuliko wote. "Ni pa mazoezi."

"Nimeona. Nisaidieni kukitoa hicho chuma."

Wakatazamana. "Hicho kimenishinda hata mimi leo," Fabiani akasema.

"Sikuuliza kimemshinda nani."

Wakakitoa, wakamkabidhi. Ningependa kusema alikinyanyua wakabaki midomo wazi, lakini haikuwa hivyo. Chuma kilimshukia kifuani kama yale magunia ya utotoni, kikamkata pumzi, kikaanza kuviringika kuelekea shingoni. Ilibidi watatu wakiondoe. Rosina alikohoa hadi machozi yakamtoka. Fabiani alikuwa anacheka, si kwa ubaya sana, lakini alikuwa anacheka.

"Pole, mshikaji wangu. Wewe kauze unga tu."

Rosina alijifuta uso kwa upindo wa kitenge. Halafu akamgeukia Yonas, aliyekuwa amesimama mlangoni na mnyororo mkononi.

"Kesho mnafungua saa ngapi?"

Akarudi kesho yake na keshokutwa. Yonas alimpunguzia makopo mpaka yakabaki mawili madogo, akamfunga miguu kwenye benchi kwa mikanda ya mpira wa ndani ya tairi ili asiyumbe, akamfundisha kushusha chuma taratibu, kukituliza kifuani, kisha kukisukuma juu bila upande mmoja kutangulia. Alimfokea kama alivyowafokea wengine. Hilo ndilo lililomrudisha Rosina kila siku kuliko chuma chenyewe: palikuwa na mtu mmoja duniani aliyemfokea bila kwanza kumwonea huruma. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa ananyanyua kile kilichomlaza siku ya kwanza. Fabiani ndiye aliyekuwa akimtolea chuma kwenye vishikio, na hakucheka tena. Alihesabu kwa sauti.

Yonas alisikia redioni kwamba kuna chama cha michezo ya watu wenye ulemavu kinachotafuta wanyanyua vyuma wa kike. Wakaenda Dar es Salaam kwenye majaribio, Rosina akachaguliwa, akawa bingwa wa taifa wa uzito wake. Mwaka uliofuata akautetea ubingwa huo. Ndipo ikaja habari ya mashindano ya kanda, Lusaka, Zambia.

Habari ilifika kijijini kabla yake. Jumapili moja baba yake mdogo, mzee Wilibrodi, alishuka kwenye basi la Namanyere na koti lake la misa, akaja moja kwa moja mpaka Chanji.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba." Akakaa, akakataa uji. "Nimesikia jambo nikaona nije niulize kwa kinywa changu. Ni kweli unalala chali mbele ya wanaume, umefungwa miguu kwa mikanda?"

"Ni kweli. Ila waliokupa habari wamekupunja. Hawakukwambia nanyanyua kilo ngapi."

"Rosina!"

"Abee."

"Wewe ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Ukoo una heshima yake. Nani atakuoa ukiendelea na mambo haya?"

Rosina alikuwa na majibu mengi, akachagua moja.

"Baba mdogo, kabla sijagusa chuma, walikuwa wamepanga foleni?"

Mwishowe mzee Wilibrodi alikunywa uji, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu na upepo wa Juni unauma. Alipoondoka hakutoa baraka, na hakutoa laana.

Wakasafiri kwa basi hadi Tunduma, wakavuka mpaka, wakapanda jingine. Rosina aliingia na kutoka kwenye kila basi kwa mikono yake mwenyewe, ngazi baada ya ngazi, makondakta wakihangaika pembeni hawajui washike wapi. Huko Lusaka aliona kitu ambacho hakuwahi kukiona: ukumbi mzima wa watu wenye miguu kama yake, wengine bila miguu kabisa, wana shingo nene, wanatafuna ndizi, wanatukanana kwa utani kwa lugha kumi. Hakuna aliyemtazama mara mbili. Alikaa kwenye kona akawaangalia kwa muda, na kwa mara ya kwanza tangu magunia yale yamshukie alijisikia ni mtu wa kawaida kabisa, jambo lililomfurahisha hata akacheka peke yake.

Kila mshindani ana majaribio matatu. La kwanza Rosina alilipoteza kijinga: alikirudisha chuma kwenye vishikio kabla mwamuzi hajatoa amri. Taa tatu, nyekundu zote. La pili alinyanyua safi, kilo tisini na tisa, taa nyeupe. Akawa wa pili. Aliyekuwa mbele yake, mwanamke mwenye mikono kama magogo, alikuwa amefikisha mia na tatu na amemaliza.

"Tuombe mia na moja," Yonas alisema, jasho likimtoka utadhani ndiye anayelala pale benchini. "Tujilindie nafasi. Medali ya fedha ni medali, Rosina. Sumbawanga hawajawahi kuiona."

"Mia na moja inanipa ubingwa?"

"Haikupi."

"Basi ya nini? Weka mia na nne."

"Hujawahi kunyanyua mia na nne. Hata mazoezini."

"Kocha, sikupakata mkoba kutoka Chanji mpaka hapa nije kuomba nafasi. Weka."

Yonas akaenda mezani akaandikisha. Rosina akafungwa mikanda, akapaka chaki viganjani. Baadaye watu walimuuliza aliwaza nini wakati ule, wakitaka aseme aliwaza bendera, au mama yake, au kijiji. Ukweli ni kwamba aliwaza viwiko. Alichukua chuma, akasikia uzito ukiingia kwenye mifupa ya mikono, akakishusha. Kikatulia kifuani. Amri ikaja, akasukuma. Katikati ya njia kikasimama. Hakikupanda, hakikushuka. Ukumbi ukawa kimya, na ndani ya kimya hicho akamsikia Yonas akimfokea kwa Kisukuma, lugha ambayo Rosina haijui, na ambayo siku hiyo aliielewa yote. Kushoto kukasogea, kulia kukakataa kubaki nyuma. Viwiko vikafunga. Akakishika hapo juu, meno yamekazana, akingoja amri kwa utii wa mtu aliyekwisha kuadhibiwa mara moja. Amri ikatoka. Chuma kikalia kwenye vishikio. Taa tatu, nyeupe.

Mwandishi mmoja alimfuata na kipaza sauti kabla hata hajavaa medali vizuri.

"Unajisikiaje kuushinda ulemavu wako?"

"Sijaushinda," Rosina alisema, bado anahema. "Uko hapa, nimekuja nao na naondoka nao. Niliowashinda ni wale pale. Kawaulize wao wanajisikiaje."

Sumbawanga ilimpokea kwa pikipiki na mavuvuzela. Kamati ya mapokezi iliundwa haraka, ikakodi spika na maturubai, ikajenga jukwaa la mbao uwanjani, ikaalika mgeni rasmi. Tereza aliletwa kutoka kijijini akaketishwa mbele na mzee Wilibrodi, koti lake la misa limepigwa pasi. Rosina alikuja akizungusha baiskeli yake mwenyewe, medali kifuani, Yonas na Fabiani na vijana wote wa jimu wakitembea pembeni. Jua lilikuwa kali na upepo baridi, kama ilivyo Julai pale juu.

Akafika kwenye jukwaa akasimamisha baiskeli. Mbele yake palikuwa na ngazi.

Mshereheshaji, kijana anayeitwa Timoth, aliiona hali hiyo akaichangamkia. "Mabibi na mabwana, shujaa wetu amefika! Sasa naomba vijana wanne wenye nguvu, haraka haraka, waje wambebe dada yetu tumpandishe kwa mgeni rasmi. Wanne tu! Makofi tafadhali!"

Watu wakapiga makofi. Vijana wanne wakaja mbio, wakikunja mikono ya mashati.

"Simameni hapo hapo," Rosina alisema.

Wakasimama.

"Mimi sibebwi."

Timoth alicheka kwenye kipaza sauti, akidhani ni mzaha. "Dada yetu ana aibu, jamani. Usiogope dada, hawatakudondosha."

"Siogopi kudondoka. Nimesema sibebwi. Mimi ndiye ninayenyanyua."

Makofi yakafifia. Mtu wa kamati, mwenye beji, akashuka upesi akainama sikioni mwake. Alimweleza kwamba mgeni rasmi ana ratiba, kwamba hili ni jambo la dakika moja, kwamba hata yeye binafsi yuko tayari kumshika mkono akipenda kupanda kidogo kidogo mwenyewe.

"Kwa mikono naweza," Rosina alimjibu, bila kushusha sauti. "Nyumbani kwangu najivuta kila siku, na mabasi ya kwenda Lusaka niliyapanda hivyo, kwa sababu nilikuwa na safari yangu. Lakini hapa mmeniita nyinyi. Mlijua ni nani mnayemwita. Mlijenga jukwaa kwa ajili yake, mkaweka ngazi. Sasa mnataka nitambae mbele ya watu nifike kwenye sherehe yangu? Sitambai."

"Sasa tufanyeje?"

"Sijui. Nyie ndio kamati."

Mgeni rasmi, huko juu, alikuwa amekwisha kusimama kumpokea, akakaa, akasimama tena. Kutoka kwenye viti vya nyuma mtu akapaza sauti, "Acha kiburi, wewe!" Mwingine akamjibu, "Mwache, ana haki!" Mzee Wilibrodi aliinamisha kichwa akawa anatazama viatu vyake.

Ndipo Tereza aliponyanyuka. Alikuja amepinda, mkono kiunoni, watu wakimpisha. Rosina alipomwona moyo ulimdunda kuliko Lusaka. Kwa kamati alikuwa na majibu. Kwa huyu hakuwa na uhakika.

"Mwanangu," Tereza alisema kwa Kifipa, taratibu, "kubali. Ni ngazi chache tu. Watu wakubwa wanakungoja juani."

"Mama, kama ni kubebwa, wewe ulinibeba ukamaliza zamu za watu wote. Na ulilipa. Hakuna tena anayenibeba baada yako."

Tereza akafungua khanga yake ya juu, akaitandika chini, kando ya gurudumu la baiskeli, akajishusha juu yake kwa shida, akanyoosha miguu.

"Haya," akasema, sasa kwa Kiswahili, kila mtu asikie. "Na mimi nasubiri hapa hapa."

Aliyelitatua lile jambo alikuwa fundi Cleophas, seremala aliyelijenga jukwaa, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya maturubai akisubiri sherehe iishe akabomoe. Akamfuata Yonas. "Mbao zimebaki chini huko," alimwambia. "Na misumari ninayo. Tukipata watu wa kushika, si kazi kubwa."

Yonas hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Yeye na Fabiani na wale vijana wanne waliokuja kubeba wakaingia chini ya jukwaa, wakatoka na mbao. Nyundo zikaanza kulia. Timoth akapiga muziki, kisha akauzima kwa kuwa haukuafikiana na nyundo. Mgeni rasmi alikaa juu ya kiti chake chenye kitambaa cheupe, jukwaa likitikisika chini yake kila msumari ulipopigwa. Watoto wakasogea kutazama. Mama mmoja muuza karanga akafanya biashara nzuri sana.

Njia ya mbao ilipokamilika ilikuwa na mwinuko mkali, maana nafasi ilikuwa ndogo. Cleophas aliitazama akakuna kichwa. "Ni kali, dada."

"Nimepandisha unga kwenye vilima vikali zaidi."

Akarudi nyuma kidogo, akazungusha kwa nguvu. Gurudumu la mbele likapanda, ya nyuma yakafuata, mbao zikabonyea zikalia. Katikati mpira ukateleza kwenye mbao laini. Baiskeli ikarudi nyuma kwa kasi, watu wakapiga yowe, vijana wakaruka kuidaka.

"Msiguse!" Rosina alifoka. "Asiguse mtu!"

Akakaza breki, akafika chini salama, akapumua. Tereza alikuwa amefumba macho. Fabiani akachota vumbi kwa viganja akalimwaga kwenye mbao ili mpira ushike, kisha akajiondoa njiani. Yonas alisimama chini kabisa, nyuma yake, mikono ameikunja kifuani kwa makusudi ili isije ikajisahau.

Mara ya pili Rosina aliinama mbele mpaka kidevu kikakaribia pedeli. Hakwenda kwa kasi. Alizungusha kama anavyosukuma chuma, sawasawa, kulia kusitangulie, kushoto kusibaki, na mbao zikalia, na mishipa ya shingo ikamtoka, na gurudumu la mbele likagusa ubao wa jukwaa, likavuka. Uwanja ukalipuka. Akafika mbele ya mgeni rasmi anahema na kucheka kwa pamoja, nywele zote vumbi.

Wakampa kipaza sauti.

"Nimewachelewesha," alisema. "Poleni kwa jua. Jua hili mimi nimelikalia nje ya milango mingi ya mji huu, nikingoja mtu ashuke ngazi anisikilize. Leo tumengoja wote."

Akarudisha kipaza sauti. Mgeni rasmi alisoma hotuba yake kama ilivyoandikwa, na alipofika kwenye maneno "ndugu zetu wasiojiweza" alikohoa, akayaruka. Kisha zawadi ikaletwa, imefungwa utepe: kiti cha magurudumu, kile cha hospitali chenye vishikio nyuma.

"Ahsanteni sana," Rosina alisema. "Lakini hiki ni cha kusukumwa. Kipelekeni hospitali, yuko anayekihitaji leo. Mimi tununulieni mtaimbo wa kweli kwa ajili ya jimu ya Yonas. Tunanyanyulia ekseli ya gari."

Watu walicheka, mgeni rasmi naye akacheka, akaahidi. Mtaimbo haujafika mpaka leo.

Mji uligawanyika. Redio ilipokea simu za wasikilizaji asubuhi nzima. Nusu walisema amewadhalilisha wakubwa, nusu wakasema wakubwa wamejidhalilisha wenyewe. Wateja wawili wa unga walimhama kwa sababu ya mdomo wake, watatu wakaongezeka kwa sababu hiyo hiyo. Kamati nyingine ya sherehe nyingine, bila kumuuliza mtu, ilimwagiza Cleophas ajenge jukwaa lenye njia ya kupandia upande mmoja. Mzee Wilibrodi hakusema lolote juu ya siku ile, ila kijijini, mtu alipomwita Rosina kiwete mbele yake, alimuuliza mtu huyo ana medali ngapi.

Tereza hakurudi kijijini wiki ile. Alikaa Chanji, akapika, akafua, akalalamikia baridi ya sakafu ya saruji. Asubuhi moja akamwona Rosina akifunga viganja vyake kwa vitambaa.

"Una kiburi, Rosina," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Sijui umekitoa wapi."

Rosina alimtazama mama yake, akakaza fundo la kitambaa kwa meno.

"Hicho chuma chenyewe," Tereza akaendelea, "mimi sijakiona. Watu wote wamekiona isipokuwa mimi."

Wakaenda pamoja, mama akitembea taratibu kando ya baiskeli. Yonas alimtolea kigoda, akampa shikamoo, vijana wakavaa mashati yao kwa heshima. Mwaka uliofuata kungekuwa na mashindano makubwa zaidi, na ili afike huko Rosina alihitaji kilo sita juu ya zile za Lusaka. Wakaongeza makopo kwenye ekseli. Tereza aliyatazama yale makopo ya zege, akatazama kifua cha binti yake, akainuka, akageuza kigoda, akakaa ameukabili ukuta.

"Mama, hutaona kitu hivyo."

"Nitasikia. Endelea."

Fabiani akakitoa chuma, akamkabidhi. Kikashuka, kikatulia, kikapanda hadi nusu, kikakwama, na wakakiondoa. Rosina akabaki amelala, anatazama mabati.

"Umemaliza?" Tereza aliuliza ukuta.

"Bado, mama. Kimenishinda."

"Basi usinigeuze bado," mama yake akasema. "Rudia."

Rosina akapaka chaki upya.